Nukta Nane Mpaka Bugarama

Ulipokunja gazeti Jumamosi iliyopita, msomaji, sindano ilikuwa imevuka alama nyekundu. Bado haijarudi.

"Toa muguu!" Marwa alipiga kelele.

"Nikitoa muguu tunasimama!" Fabrice alimjibu, mikono yote miwili kwenye usukani. "Na tukisimama umepoteza garage!"

Ndiyo, hapo ndipo tulipo. Fuso kuukuu, shehena ya saruji mgongoni, mlima wa Bugarama mbele, na saa ya presha ya turbo inasoma kilo moja na nusu wakati ilitakiwa itulie kwenye nukta nane ya kilo. Hiyo alama nyekundu Marwa aliichora mwenyewe kwa rangi ya kucha, ili asiwepo mtu wa kusema hakuiona.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitamsogezea kiti haraka haraka, maana lori halisubiri. Marwa ni fundi wa injini za dizeli. Garage yake iko Buyenzi, hapa Bujumbura, na aliachiwa na marehemu baba yake, Azhar. Tangu mzee azikwe, mdogo wake Khaled, tajiri mwenye maghala Zone Industrielle, hana usingizi na kile kiwanja. Garage haimhusu. Anataka kiwanja ajenge ghala jingine.

Sababu akaipata kwenye turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Mazutu, yaani dizeli, imekuwa adimu mjini, na lori likibahatika kujaza tangi, mwenye lori anataka libebe kwa safari moja mzigo wa safari mbili. Kwa hiyo wote wanaimba wimbo mmoja kwa mafundi wao: ongeza presha. Fortunat, fundi wa mtaa wa Jabe, anaongeza bila kuuliza swali. Marwa anakataa. Wateja wakanung'unika, Khaled akayaokota manung'uniko yao akayapeleka mbele ya ukoo. Mwanamke anayeogopa presha, alisema, afunge garage akae nyumbani.

Marwa alisimama katikati ya wazee akasema: nipe lori lako lililochoka kuliko yote, lijaze utakavyo, na mimi nitalipandisha mpaka Bugarama kwa nukta nane bila kusimama.

Kamari ni haramu, kila mtu anajua. Basi wakaiita makubaliano, wakaisomea Fatiha. Lori likifika, Khaled hatatia tena mguu Buyenzi. Likisimama njiani, ufunguo wa garage unakwenda mfukoni mwake. Mama mzazi wa Marwa, Bi Nafisa, alikuwa shahidi, na sasa hivi yupo nyuma yao, ndani ya pick-up ya Khaled, anatazama mkia wa lori.

Tumeelewana? Turudi mlimani.

"Toa muguu, Fabrice, mi nasema!"

Fabrice akalegeza. Sindano ikashuka, na lori nalo likashuka nguvu, likaanza kutetema chini ya mzigo. Nyuma, waendesha baiskeli waliokuwa wameshikilia bodi ili wavutwe kupanda mlima, kama ilivyo desturi ya barabara hii, wakaanza kupiga makelele. Fabrice akakanyaga tena. Sindano ikapanda tena, ikaipita nane pasipo hata kuiamkia.

"Haiwezekani," Marwa alisema. "Mi nilifunga kwa zéro virgule huit. Nilifunga na mikono yangu."

Na alifunga kweli kwenye nukta nane. Mafundi wengi wa mjini hupima turbo lori likiwa tupu, kwenye barabara tambarare ya kwenda bandarini. Huko injini haibebi kitu, haina haja ya pumzi, sindano inalala. Basi wanasema bado, kaza tena. Wanakaza kando ya ziwa halafu dereva anakwenda kuvuna mlimani. Marwa hakufanya hivyo. Alianzia presha ya chini, akalipakia lori, akalipandisha mlima, akasoma sindano na joto la ekzosi, akarudi, akageuza nati ya fimbo ya turbo kidogo sana, akapanda tena. Alipofika nane akaacha. Injini ingeweza kuvumilia zaidi kidogo, lakini huko juu hewa ni nyepesi, na turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe presha ile ile. Alitaka ibaki na nafasi ya kuvuta roho.

Sasa nani ameinyima nafasi hiyo?

"Sikiliza sauti," alimwambia Fabrice. Ndani ya mngurumo wa injini palikuwa na mluzi mwembamba unaopanda juu. Marwa aliujua. Lori moja la Khaled, lililofanyiwa kazi na Fortunat, lilipiga mluzi huo kabla mhimili wa turbo haujakatika. Oili ikaingia kwenye injini, injini ikaanza kujilisha oili yake yenyewe. Dereva akazima ufunguo, injini ikakataa kuzimika. Ililia mpaka ikapasuka, na mtu aliyekuwa pembeni yake hana jicho moja leo.

"Tumebakiza nusu ya njia," Fabrice alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Marwa, chérie, tuende polepole. Muguu juu, muguu chini. Tutafika. Nani atajua?"

Marwa akalifikiria, tusimpake rangi ya malaika ambayo hana. Angeweza kutambaa hivyo mpaka Bugarama, akashuka akiwa mshindi, Khaled akanywea mbele ya ukoo mzima. Kila kona ingekuwa bahati nasibu, na hao watu wa baiskeli huko nyuma ndio wangekuwa wa kwanza kulipa, lakini pengine wangefika. Garage ingebaki yake. Na kila fundi wa Bujumbura angesema: hata Marwa mwenyewe alipanda kwa kilo moja na nusu.

"Mi nitajua," alisema. "Simama."

"Marwa!"

"Simama, Fabrice! Pembeni, na polepole, watu waachie bodi."

Lori likapumua likasimama.

"Yoh! Munasimama tena juu ya nini?" waendesha baiskeli walilalamika, lakini wakafanya kile wanachofanya siku zote lori linaposimama mlimani: wakatafuta mawe wakayasukuma chini ya matairi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia ya sufu aliyejitambulisha kuwa ni Callixte, akaja mbele kuuliza kama ni mazutu imekwisha.

"Mazutu iko," Marwa alimwambia. "Uwongo njo umejaa."

Nyuma, mlango wa pick-up ulifunguliwa. Khaled alishuka akiwa anatabasamu. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pe, kama mtu aliyevaa tayari kwa karamu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa kabla hajafika.

"Alhamdulillah," alisema. "Bugarama bado. Leta ufunguo, mutoto wangu."

"Ngoja, Baba-mudogo."

"Ningoje nini? Camion imesimama. Fatiha ilisomwa."

"Nimesema ngoja!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Marwa akimpandishia sauti baba yake mdogo. Khaled alibaki na mkono hewani. Marwa hakumtazama mara ya pili. Akamwita Fabrice, wakaachia kitasa, wakaiinamisha kabini mbele, na injini ikawa wazi, inatoa joto la kuchoma uso. Akajifunga kitambaa mkononi, akaingiza mkono pembeni ya turbo.

Turbo ina kimlango cha kutolea moshi uliozidi. Presha ikifika kipimo, hupita kwenye mpira mwembamba, ikakisukuma kimlango, kikafunguka, turbo ikapumua. Ziba mpira huo tu na kimlango hakitafunguka maishani. Turbo itazunguka mpaka ijivunje yenyewe.

Marwa akauchomoa mpira. Akaubinya kwa vidole. Katikati palikuwa pagumu.

Akachukua kisu akaupasua mbele yao. Kibolti kidogo kikadondoka kwenye kiganja chake, cha moto. Hakukitupa.

"Voilà," alisema. "Sasa mutu aniambie."

Khaled alicheka. "We fundi, we unatuuliza sisi?"

"Jana magaribi nilifunga garage, hii mpira ilikuwa wazi. Nilipuliza na kinywa yangu. Asubuhi nani alifungua hii kabini?"

Kisha Marwa akageuka taratibu, maana ufunguo wa lori ulilala kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia viatu.

"Fabrice?"

Fabrice wa Uvira, dereva asiyeogopa kona yoyote ya mlima huu. Fabrice ambaye kwa ajili yake Marwa alikataa posa za vijana wa heshima, huku Bi Nafisa akilia kwamba Mkongomani Mkristo hatakuwa mkwe wake. Huyo Fabrice akatikisa kichwa kukubali.

Kofi lilimfika kabla hajafungua kinywa. Callixte akasema "ayi we!" akarudi nyuma hatua.

"Uliniuzisha kwa huyu?" Marwa alimwonyesha Khaled kwa kidole.

"Apana! Mungu anaona, apana!" Fabrice alishika shavu. "Nilitaka ushinde! Madereva wote wanatia ile kitu, wote, na wanapanda. Niliambiwa itakusaidia. Niliambiwa we uko na kichwa ngumu, hautakubali, donc nisikuambie."

"Nani alikuambia?"

Fabrice akapangusa jasho.

"Nani?"

Macho yake yakamponyoka. Hakutaka, lakini yalikwenda yenyewe, yakapita bega la Khaled, yakatua kwenye pick-up. Marwa akayafuata. Hata Khaled akageuka.

Bi Nafisa alikuwa ameshashuka. Alikuja akiwa ameshika pindo la baibui lisiburuze kwenye vumbi, akapita katikati ya baiskeli, na waendesha baiskeli wakampisha.

"Musimupige huyo kijana," alisema. "Ni mimi."

Jamani, nimekwambia tangu sura ya kwanza kwamba mama huyu alisimama na binti yake mbele ya ukoo. Nami nilidanganywa pamoja nawe.

"Mama?" Marwa alisema.

"Ni mimi nilimupa ile bolti. Nimelala na fundi miaka yote ile, nisijue mpira ya turbo? Nilimuambia, kama unamutaka binti yangu, tia hii, na sitasema tena kitu juu ya kanisa yako. Alikubali sababu anakupenda. Ni muzuri. Lakini ni mujinga kidogo."

"Ungetuua, Mama!"

"Apana. Nilijua utaona sindano. Nilijua utasimama. We ni mutoto ya Azhar, hauwezi kupanda na uwongo, hata kama uwongo inakupatia kila kitu." Machozi yakaanza kumshuka, na hakuyafuta. "Nilitaka usimame. Nilitaka ile garage ifungwe. Baba yako walimutoa mule ndani wamemulalisha juu ya mulango ya camion, Marwa. Mi nilimuosha. Sitaosha na mutoto."

Upepo wa mlimani ulikuwa unapiga turubai. Huko chini kabisa mji wote ulionekana, na ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo.

Khaled akakohoa. Unajua kikohozi cha mtu aliyeokota kitu cha thamani? Ndicho hicho.

"Basi yameisha," alisema kwa upole. "Mama mwenyewe amesema. Mama Marwa, umefanya vizuri, ni huruma ya muzazi. Marwa, binti yangu, hakuna mutu anakuchukia hapa. Leta ufunguo turudi nyumbani tukunywe chai."

Mkono wake ukanyooka tena.

Marwa alikitazama kile kiganja. Alikuwa na oili mpaka kwenye kiwiko, kitambaa cha kichwa kimesogea, na kibolti bado kimo ndani ya ngumi. Fabrice anasema, na mimi namwamini, kwamba wakati ule alidhani Marwa atatoa ufunguo. Mtu anaposhindwa na adui hupigana. Anaposhindwa na mama yake hukaa chini.

Marwa hakukaa.

"Apana," alisema.

"Nini?"

"Nimesema apana, Baba-mudogo. Fatiha ilisomwa juu ya camion yenye iko na zéro virgule huit. Ile imepanda mpaka hapa haikukuwa yangu. Shahidi yako mwenyewe amekubali mbele ya watu." Akawaonyesha waendesha baiskeli. "Mumesikia?"

"Tumesikia kabisa," alisema Callixte, ambaye hakujua Fatiha ni nini lakini alikuwa ameshachagua upande.

"Tutageuza. Tutashuka mpaka chini, pale tulianzia. Nitatia mpira mupya, nao nitaupuliza mbele yako. Na tutapanda tena."

"Mazutu ya kupanda tena, unapewa na nani?" Khaled alifoka. Upole ulikuwa umekwisha. "Ni mazutu yangu! Ni camion yangu!"

"Ni neno lako pia. Ama unataka niende kwa wazee niwaambie umeogopa nukta nane?"

Waendesha baiskeli wakacheka. Hakuna kitu tajiri anachokichukia kama kuchekwa na watu wenye baiskeli.

Lakini Marwa hakucheka. Alikuwa amemgeukia mama yake, na hasira yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama, nisikilize. Baba hakuuawa na garage."

"Usiseme..."

"Nitasema. Nilikuwa pale, Mama. Nilikuwa chini ya camion ya pili, nasafisha filta, hakuna mutu aliniona. Baba alikamata vile vyuma vya kuegemeza, alitaka kuvitia chini ya camion mbele ya kuingia. Siku zote alivitia. We unajua."

"Najua," Nafisa alisema taratibu.

"Mutu alikuwa amesimama pembeni yake. Mwenye camion. Alimuambia, acha hivyo vyuma, jeki inatosha, fanya haraka, muzigo unaningoja. Baba alisema apana. Alimuambia tena. Baba alisema apana mara ya pili. Mara ya tatu aliona haya kumukatalia, akaingia. Jeki iliteleza, camion ikamuangukia."

Fabrice aliacha kushika shavu lake.

"Njo maana mi siongezi presha kwa mutu anasema haraka. Hata akinuna, hata akienda kwa Fortunat, hata wakisema mwanamuke anaogopa. Baba alikosa apana moja tu. Mi niko nazo nyingi, na sitaziuza." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Ukifunga garage, Mama, haufungi kile kilimuua. Kile kinatembea. Kinatuita nyumbani tukunywe chai."

Marwa akaishusha kabini, akaifunga kitasa, akamwambia Fabrice ahamie kiti cha katikati, maana usukani leo ataushika yeye. Kisha akafungua mlango wa abiria na kuuacha wazi.

"Panda, Mama. Utakaa mbele ya saa ya presha. We njo utasoma sindano mpaka Bugarama. Ikivuka nane, sema, na nitatoa ufunguo mimi mwenyewe."

Bi Nafisa hakusogea. "Ni nani?" aliuliza. "Hiyo camion ilikuwa ya nani?"

"Nitakuambia tukifika."

"Nafisa!"

Alikuwa ni Khaled. Siku zote humwita Mama Marwa, kwa heshima, mbele za watu na hata nyumbani kwake Nyakabiga, alikompa chumba tangu afiwe. Leo heshima hiyo ilimdondoka njiani.

"Nafisa, ingia mu pick-up. Sasa hivi. Ukipanda ile camion, wallahi hautalala tena kwangu! Huyu mutoto ni muwongo, alikuwa mudogo, hakuona kitu, hakuna mutu alimuambia Azhar haraka, mi sikumuambia..."

Akanyamaza. Alichelewa kidogo tu.

Hata Callixte, aliyekuwa ameinama kuondoa jiwe chini ya tairi, aliinua kichwa.

Bi Nafisa alimgeukia shemeji yake. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyomruhusu mjane kumtazama mwanamume. Machozi yalikuwa yamekauka.

"Shemeji," alisema, "mutoto hajataja jina."

Kisha akakusanya baibui lake, akashika chuma cha mlango wa lori, akapandisha mguu.